Hapana Kumi na Mbili

Hakuna kasoro iliyowahi kunipita. Miaka mitatu nimekuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha kushona suruali, nikisimama mwisho wa laini na mkasi mdogo mkononi na kalamu sikioni, na sijawahi kuruhusu suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake iende kwa mteja. Waulize wanawake wa laini ya pili. Wao ndio walionipa jina la Kalamu, kwanza kwa sababu ya hiyo ya sikioni, pili kwa sababu pale mwenye cheti cha kidato cha nne nilikuwa mimi peke yangu, na sikuacha siku ipite bila kuwakumbusha.

Haya, sasa ukweli, kwa kuwa wewe si msimamizi wangu. Kila fungu la suruali thelathini lina kadi yake ya kasoro. Kadi ina maswali kumi: mshono umefumuka? Zipu imekwama? Mfuko umepinda? Pembeni pana visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mimi kadi zangu nilikuwa nazijaza asubuhi, kabla hata suruali hazijashonwa. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Suruali zenyewe zikifika nilizipitishia mkono juu juu kama mtu anayembembeleza paka, kisha nikapata nafasi ya kupiga soga. Katika miaka mitatu mzigo ulirudishwa mara mbili tu, na mara zote mbili nilieleza vizuri sana, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba kosa lilikuwa la mama wa vifungo. Mama wa vifungo siku hizi anafagia.

Jambo jingine la kujua kuhusu ukumbi wetu ni kelele. Cherehani mia mbili zikinguruma pamoja unaweza kumtukana mtu usoni na asisikie. Kwa hiyo tunasomana midomo. Ukikaa pale mwaka mmoja unajifunza. Ukikaa minane kama dada yangu, unamsoma hata mtu aliyebana pini kwa meno. Nilikuwa naweza kurusha mzaha kutoka mwisho wa laini bila sauti hata chembe, ukasafiri cherehani kwa cherehani hadi mlangoni, na vichwa vikainama kimoja kimoja kwa kicheko. Mtu mmoja tu hakuinama: Shangazi wa pasi. Si shangazi yangu wa damu, ni shangazi wa kiwanda kizima. Alisimama na pasi yake ya mvuke mkabala na cherehani ya dada, na kila nikimaliza mzaha alinitazama na kunitupia kwa midomo maneno yaleyale: "Mzaha mzaha, hutumbua usaha."

Nikawa namjibu, "Shangazi, basi leta pamba."

Nimweleze dada vizuri, maana habari hii ni yake. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na sita. Aliacha shule ili mimi niendelee. Cheti ninachojivunia kina jina langu na jasho lake. Kazi yake ni mifuko, na kwa mifuko ya dada hupimi mfuko kwa rula, unaipima rula kwa mfuko. Ana watoto wanne. Wa mwisho nusura aondoke naye. Alipojifungua, mguu wake wa kushoto ulivimba kama mto wa kulalia. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. Alilazwa wiki tatu akichomwa sindano za tumboni, na siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia, nami nimesimama hapo na furushi lake, kwamba akishika mimba nyingine asitegemee kurudi nyumbani.

Shemeji, mume wake, ni dereva wa malori. Si mtu mbaya. Hukubali kila unachomwambia, halafu hukisahau akivuka daraja la kwanza. Alikubali kutumia kondomu. Akasahau. Mwezi ule siku za dada zilichelewa, nami nikamwona kwa siku sita akishona mifuko huku midomo yake ikihesabu tarehe. Siku ya saba zikaja. Jioni ile, tukitembea kwenda nyumbani, akaniambia, "Mdogo wangu, siwezi kuishi hivi, kila mwezi nasubiri hukumu. Nesi akija safari hii, najiandikisha."

"Jiandikishe," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nimechoka kuitwa mjomba."

Akanipiga kofi la mgongo, akacheka.

Utaratibu wa kiwanda ulikuwa hivi: kila baada ya miezi mitatu nesi wa uzazi wa mpango huja kwenye ukumbi wa chakula saa ya mapumziko. Safari ile alikuja peke yake, mwenzake alikuwa likizo. Mwanamke mfupi, viatu vizito, kipimo cha presha kikining'inia begani. Waliojiandikisha walikuwa arobaini. Msimamizi wetu, ambaye tulimpachika jina la Saa Mbovu kwa sababu kwake muda huwa umeisha kabla haujaanza, alimpa nesi saa moja, hakuna kuongeza.

"Nitampata mtu mwenye mwandiko mzuri anisaidie fomu?" nesi akauliza.

Unadhani alisimama nani?

Akanipa fomu arobaini, nusu saa kabla ya mapumziko, akanielekeza taratibu kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Kuna maswali kumi na mawili. Kila mmoja muulize yote, na umsubiri ajibu. Akisema ndiyo hata kwa moja, usimalizie, mlete kwangu. Umenielewa, kaka?"

"Sista, kuuliza na kujaza ndiyo kazi yangu."

Nikarudi mahali pangu mwisho wa laini. Nikaziangalia zile fomu. Una presha? Unaumwa kichwa upande mmoja na kuona vimulimuli? Umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu? Pembeni, visanduku viwili, ndiyo na hapana. Ilikuwa kadi ya kasoro yenye maswali mawili zaidi. Mkono wangu haukuniuliza mimi. Ulichukua kalamu sikioni ukaanza. Kufikia kengele ya mapumziko nilikuwa nimejaza arobaini zote, hapana kumi na mbili kila moja, bado majina tu. Nilijiona mwerevu. Wanawake arobaini kwa saa moja, nani mwingine angewaweza?

Kwenye ukumbi wa chakula nesi alitandaza vitu vyake juu ya meza ndefu. "Hakuna njia iliyo nzuri kwa kila mtu," alianza. "Kuna inayokufaa wewe, na nyingine ambayo jirani yako ameipenda lakini wewe itakudhuru. Ndiyo maana tunauliza kwanza. Shikeni, tazameni, msione haya."

Hapo ndipo aliponipa nafasi, maana wakiona haya, mimi ndiye dawa. Alipoinua sindano ya miezi mitatu, nikasema mwenye kuiogopa aje nimchome na ya cherehani, hiyo haina hata miadi. Alipoonyesha vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, nikasema mlinzi wa getini akiwapekua atavikuta na kusema mmeiba sindano za kiwanda. Ukumbi ukacheka. Hata nesi akatabasamu, ingawa alitazama saa.

Kisha kitanzi. Kitu kidogo cha plastiki kilichozungushiwa waya wa shaba, na nyuzi mbili nyembamba mkiani. Nesi akaeleza kwamba hiki hakina dawa yoyote ndani yake, ni shaba tu, na kinakaa miaka mingi, na ukitaka mtoto kinatolewa. Vikapita mikononi.

"Nyuzi zinazoning'inia," nikasema, nikainua mkasi wangu mdogo. "Mimi ni mkaguzi, jamani. Uzi unaoning'inia naukata popote nitakapoukuta."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nilikuwa nimeangalia upande wa walioketi mbele. Nilipogeuka ndipo nikamwona dada, amesimama nyuma kabisa, kile kitanzi kikiwa kwenye kiganja chake, amekishika kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Mimi, mdogo wake wa kiume, nilikuwa nimetoka kusema maneno yale mbele ya watu. Alicheka na wenzake, kidogo, kwa adabu. Halafu akakirudisha mezani.

Vidonge vilikuja mwisho. Nesi akaeleza kimoja kila siku, saa ileile, na alipofika kwenye "lakini," mimi nikadakia kwamba dada zangu wenyewe wanasahau kula, wakumbuke vidonge? Kicheko kikafunika yaliyofuata. Sikuyasikia. Sidhani kama kuna aliyeyasikia.

Foleni ikaanza. Jina, sahihi, kwa nesi. Jina, sahihi, kwa nesi. Niliwasomea maswali mawili matatu kwa haraka ya mnadani, wakajibu hapana, hapana, huku wakicheka. Saa Mbovu alikuwa amesimama mlangoni akigonga kioo cha saa yake.

Dada akafika mbele yangu. Nyuma yake alikuwa Shangazi wa pasi.

"Unataka nini, mama wa wanne?" nikamwuliza.

"Vidonge," akasema, bila kunitazama. "Vidonge tu, niende."

Nikaandika jina lake. Akainama juu ya fomu. Kusoma anasoma, pole pole. Kidole chake kikashuka swali kwa swali, kikasimama. Akainua uso, na kwa kuwa wenzake walikuwa karibu na jambo lilikuwa la mwili wake, akaniambia kwa midomo tu, kama tukiwa kwenye cherehani: *Mguu wangu. Ule ulioganda damu.*

Nami nikamjibu kwa midomo: *Si ulipona?*

*Nilipona.*

*Basi. Hapa wanauliza ugonjwa, hawaulizi historia.*

Aliendelea kunitazama kidogo. Nataka nikueleze ilivyokuwa. Kisanduku kilikuwa kimeshajazwa. Kukifuta kungechafua fomu, fomu ya akiba haikuwepo, na nesi angeuliza kwa nini wino umekauka kabla swali halijaulizwa. Nyuma walikuwa wamebaki kumi na tisa. Hayo yote yalinipitia kichwani kwa muda wa kupiga chafya. Dada akaweka sahihi. Alifikiri mimi ninajua. Nilikuwa na cheti.

Nesi akampima presha, ikawa nzuri. Akaitazama fomu, hapana kumi na mbili, safi kama nguo mpya. Akampa pakiti tatu za vidonge na karatasi ya maelezo.

Ile karatasi nikaisoma kesho yake ukumbini, cherehani zikiwa zimezimwa kutiwa mafuta. Nilipanda juu ya kiti nikatumia sauti ya mtangazaji wa matanzia. "Ukiona kichwa kinauma kuliko kawaida, macho yanaingia giza, mguu umevimba au kifua kinabana, acha vidonge, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Habari ziwafikie wajomba na mashangazi popote walipo." Walijishika mbavu. Dada naye alicheka, akaikunja karatasi akaiweka kwenye mkoba.

Pakiti ya kwanza ikaisha salama. Dada alichangamka. Alinenepa mashavu kidogo, nikamwambia sasa ameanza kufanana na mke wa waziri. Jioni alikuwa akitembea bila ile tabia ya kuhesabu. Shemeji alikuja, akakaa siku tatu, akaondoka, na kwa mara ya kwanza dada hakubaki na hukumu.

Katikati ya pakiti ya pili kichwa kikaanza.

Siku ya kwanza alijifunga kitambaa. Siku ya pili akaniuliza njiani, "Ile karatasi, Kalamu, ilisemaje kuhusu kichwa?"

"Kichwa gani? Mimi changu kinauma kila nikimwona Saa Mbovu, na sijameza kidonge."

"Sitanii, mdogo wangu."

"Mwili unazoea, dada. Dawa yoyote ngeni inagombana na mwili, halafu wanapatana."

Hayo hayakuandikwa kwenye karatasi. Niliyatunga pale pale, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akaniamini, akanywa maji, akalala mapema.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, fungu la suruali lilifika mezani kwangu. Nikapitisha mkono. Mkono ukasimama wenyewe. Mfuko wa kulia wa suruali ya juu ulikuwa umepinda. Nikachukua ya pili, imepinda zaidi. Ya tatu, mshono ulikuwa umetoka nje ya kitambaa kabisa, ukaelea hewani kama mtu aliyekosa ngazi. Miaka minane mshono wa dada haukuwahi kupinda. Nilizishika zile suruali. Kadi ya fungu ilikuwa hapo, nimeijaza tangu asubuhi: mfuko umepinda? Hapana. Na unajua nilifanya nini? Nilizikunja tatu zile nikaziweka chini ya nyingine, nikapitisha fungu. Nilijiambia nitamtania wakati wa chai.

Kabla ya chai nikaona vichwa vinainuka badala ya kuinama. Cherehani ya dada ilikuwa bado inakwenda, sindano ikishona kitambaa kisicho na mtu. Dada alikuwa sakafuni, mkono na mguu wa kulia vikitetemeka. Shangazi wa pasi alikuwa ameshafika, amepiga magoti, kichwa cha dada kikiwa mapajani mwake. Alinitazama juu ya watu wote, akaniita kwa midomo. Hakuniita Kalamu. Aliniita kwa jina nililopewa na mama.

Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa kichwani. Daktari wa wodi alituchorea kwenye kipande cha karatasi: damu inaingia, haitoki, ubongo unajaa. Walimpa dawa za kuiyeyusha. Alibaki hai. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umeshuka, na sauti haikuwepo. Akijaribu kusema hutoka pumzi tu, kama cherehani isiyo na uzi.

"Alikuwa anatumia dawa gani?" daktari akauliza.

Nikamwonyesha pakiti.

Akaitazama, akatazama faili la zamani, lile la mguu. "Huyu hakupaswa kupewa hizi hata kidonge kimoja. Nani alimhoji?"

"Nesi aliyekuja kiwandani," nikasema.

"Na dada yako alieleza habari ya mguu?"

Mama wa vifungo alinipita akilini, na ufagio wake. Nikajibu, "Aliulizwa yote, daktari. Alijibu hapana. Nilikuwepo."

Umeona ilivyo rahisi? Neno moja, na lilikuwa limeshajazwa.

Wiki mbili zilipita. Nililala kwenye kiti cha wodini, nikawa mdomo wa dada. Upande wa kushoto wa midomo yake ulianza kusogea, bila sauti, na mimi peke yangu pale ndiye niliyeweza kuusoma. *Maji.* Nawaambia, anataka maji. *Nigeuzeni.* Nawaambia, mgeuzeni. *Mtoto wa mwisho anakula?* Namjibu, anakula, anamsumbua shemeji mpaka shemeji ameomba apewe safari. Upande wa kushoto ukatabasamu. Wauguzi wakawa hawamsogelei mpaka waniite kwanza. Wodi nzima iliniamini. Dada hakuniambia hata mara moja neno lolote kuhusu ile fomu, nami nikaanza kufikiri labda ubongo umelipoteza. Mungu anisamehe, nililiombea hilo.

Siku ya kumi na tano, saa ya kutazama wagonjwa, alikuja nesi. Hakuvaa sare. Viatu vilikuwa vilevile. Alikuja na daktari wa wodi, na mkononi alikuwa na fomu ya dada na barua yake mwenyewe ya kusimamishwa kazi. Shangazi wa pasi naye alikuwepo. Alikuja kila baada ya zamu, na wakati ule alikuwa upande wa pili wa kitanda akimpaka dada mafuta kwenye ule mkono usiosikia.

"Nimeomba jambo moja tu," nesi akasema. Alisema na daktari, lakini alinitazama mimi. "Nimsikie mwenyewe. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Kama nilimwuliza vibaya, nitabeba. Lakini angesema mguu, nisingempa vidonge. Ningempa kile kitanzi cha shaba, kile alichokuwa amekishika. Kisingegusa damu yake hata kidogo. Nilimwona amekishika, mpaka leo najiuliza kwa nini alikiacha."

Nilitazama chini. Kwenye mfuko wa shati langu mkasi mdogo ulikuwa umenikaa kifuani.

"Hawezi kusema, Sista," nikasema. "Sauti haijarudi."

"Daktari amesema wewe unamsoma."

"Namsoma."

Nesi akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na dada. "Mama, pole sana. Naomba unijibu swali moja. Kwenye fomu kuna swali, umewahi kuganda damu mguuni. Ulipoulizwa, ulijibu nini?"

Dada hakumtazama nesi. Alinitazama mimi, muda mrefu, kwa yale macho aliyokuwa akinitazama nayo nikiwa na miaka tisa nimerudi nyumbani na shati limechanika, akisubiri niseme mwenyewe. Kisha upande wa kushoto wa midomo yake ukasogea. Pole pole. Hakuna hata pumzi iliyotoka. Nilisoma kila neno, na kila neno lilikuwa wazi kama limepigwa pasi.

*Nilimwambia. Mguu. Nilimwambia huyu.*

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Ulimi hauna mfupa, walisema waliotutangulia, na wangu tangu nizaliwe haujawahi kukwama.

"Anasema alijibu hapana," nikasema. "Anasema alisahau."

Nesi akafumba macho. Daktari akatoa kalamu, akaanza kuandika.

Shangazi wa pasi aliufunika mkono wa dada kwa shuka, taratibu, akafunga kopo la mafuta, akajifuta vidole. Nilikuwa nimemsahau. Nilimsahau kama unavyosahau kiti kilichopo chumbani kila siku.

"Daktari, usiandike," akasema. "Hakusema hivyo."

"Wewe nani, mama?"

"Mimi napiga pasi. Miaka minane nimesimama mkabala na huyu mwanamke, na cherehani hazijawahi kuniruhusu kusikia sauti yake. Yote ninayoyajua kuhusu watoto wake, mguu wake na huyu kijana wake aliyemsomesha, nimeyasoma kwenye hiyo midomo." Akanigeukia. "Amesema, nilimwambia. Mguu. Nilimwambia huyu."

"Mdomo umepinda, Shangazi," nikasema. "Ni vigumu kusoma. Ni rahisi kukosea."

"Basi aseme tena."

Dada akasema tena. Safari hii Shangazi alisema naye, neno kwa neno, midomo ya mmoja na sauti ya mwingine. "Nilimwambia. Mguu. Akaniuliza kama nilipona." Nesi alishika fomu kwa mikono miwili. Niliona anashuka na kidole chake, hapana baada ya hapana, zote zimelala upande mmoja, zote za mkono mmoja usiopumzika. Akainua uso.

"Kaka," akasema. "Zilizobaki thelathini na tisa nazo ulizijaza hivi?"

Midomo ya dada ilikuwa inasogea tena, kidogo sana, na ilikuwa inanielekea mimi peke yangu. Niliisoma. Nikageuza uso dirishani, kana kwamba sikuiona.

"Hata hili naliona," Shangazi akasema. "Anasema, sema, mdogo wangu."

Na wote, dada, nesi, daktari na Shangazi, wakanitazama mdomoni.